Mheshimiwa yuko darini

Paka wa mama mwenye nyumba anaitwa Mheshimiwa. Alipewa jina hilo kwa sababu hali mpaka ahudumiwe, na salamu za watu haitikii. Sisi wapangaji tunatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Yeye hatoi senti na kochi ni lake. Panya nao hawagusi.

Jumapili mchana akaanza kulia juu ya silingi bodi. Alikopitia anajua mwenyewe. Mama akatoka, kanga kiunoni, kanga begani, akatukagua wanaume wote uani. Ghafla kila mmoja akakumbuka ana safari. Nikabaki mimi.

"Mwanangu, wewe mwembamba."

Tangu lini wembamba ukawa cheti cha uokoaji? Lakini mtu unayedaiwa kodi huna mdomo.

Nikapanda kwa ngazi ya kuazima. Asiyewahi kutambaa chini ya bati la Dar es Salaam saa saba mchana asinisimulie habari za joto. Mule kuna vumbi, mavi ya panya, nyaya za umeme zilizofungwa kwa kipande cha mfuko, na mbao nyembamba ambazo ndizo pekee za kukanyaga. Ukizikosa umekanyaga bodi, na bodi yenyewe ni unga uliovishwa karatasi.

Huku chini washauri tele, wakiwemo wale wa safari. "Usimtazame machoni!" "Mwonyeshe dagaa!" "Mwite kwa jina!" Nikamwita. "Mheshimiwa, toka! Mheshimiwa, tumekuchoka, shuka!" Sauti ikatoka mpaka barabarani. Kijana wa bodaboda akasimama, akauliza ni mheshimiwa yupi, kisha bila kusubiri jibu akaunga mkono hoja.

Nilimkuta kajibanza kwenye kona, macho yanawaka kwenye tochi ya simu. Nikasogea kwa tumbo, nikainuka, nikamdaka. Akanichana mkono kuanzia kiwiko mpaka kiganja, nami nikaruka, na niliposhuka mbao haikuwepo. Chini yangu alikuwepo mpangaji wa chumba cha kona, sahani ya wali mapajani, akitazama marudio ya Simba na Yanga ilhali matokeo anayajua. Anasema kwanza lilimwagika vumbi, ikafuata ndala, halafu mguu mzima ukaning'inia juu ya mboga yake. Mheshimiwa akapita kwenye tundu hilohilo, akamkanyaga bega, akabeba kichwa cha changu, akatoka nje taratibu bila kugeuka nyuma.

"Silingi yangu!" akalia mama mwenye nyumba. Mkono wangu ulikuwa unachuruzika damu mbele yake.

Zahanati nesi akaniosha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15 nzima, akauliza kama paka amechanjwa kichaa cha mbwa. Nikampigia mama. Kumbe nimemtukania ukoo! Mheshimiwa awe na kichaa? Amekosa nini? Akakata simu. Basi nikaanzishiwa sindano, na nesi akaniagiza tumwangalie paka siku 10: akibaki mzima, sindano nyingine zinaweza kuachwa. Kwa hiyo kila asubuhi mimi, mtu mzima mwenye bendeji, nasimama mlangoni kuulizia afya ya aliyenijeruhi.

"Shikamoo, mama. Mheshimiwa ameamkaje?"

"Marahaba. Amekunywa maziwa yote. Bodi unanunua lini?"

Ninyi wenye paka, wapelekeni kwa daktari wa mifugo wachanjwe, ili nesi akiuliza pawe na jibu. Wakipanda darini, egemezeni ubao kwenye tundu, wekeni dagaa chini, ondokeni. Njaa itawashusha. Mpangaji mwacheni alale, hata kama ni mwembamba.