Mlio wa Nyuma

Kampala, Subaru isiyopasuka nyuma hudhaniwa ni mgonjwa. Vijana wa mjini huwalipa wachomeleaji wakate sailensa na kuunga bomba pana, kisha humtafuta fundi wa kompyuta aichezee injini, ili kila dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, petroli kidogo ipenye bila kuungua. Ikifika kwenye bomba la moto inawaka humo humo, na mtaa mzima wa Kabalagala unaamka. Huo ndio mlio wa kulipiwa. Mimi nilikuwa na mlio wa bure, nao ulinitesa zaidi.

Lawama ya kwanza naipeleka kwa Colin McRae. Tangu alipotwaa Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, na Charles Muhangi wa hapa Uganda akawa bingwa wa Afrika wa mbio za magari mwaka 1999, imekuwa vigumu kumshawishi kijana wa Kampala kwamba gari ni chombo cha kumfikisha mtu kazini. Mdogo wangu ni mmoja wa vijana hao. Alipopata kazi Dubai, aliniachia Impreza yake ya miaka ya 90, ya buluu, yenye tundu la hewa juu ya boneti na kiti cha dereva kinachokukamata kiuno bila kukuomba ruhusa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Lukuli hapa Makindye. Siku ya kwanza wanafunzi waliponiona nikijikwamua kutoka kwenye kiti kile, walinyamaza wote. Somo la ngeli halijawahi kupata utulivu wa namna hiyo.

Sasa huo mlio. Ukianza kwenda mbele, nyuma kushoto panalia “ko!” Mara moja tu. Ukiingiza gia ya kurudi nyuma, “ko!” nyingine. Hapo katikati unaweza kwenda hadi Munyonyo bila kusikia lolote. Ukifika na kutafuta pa kuegesha, mbele nyuma, mbele nyuma, watu wanageuka kutazama nani anapigilia misumari.

Makindye haikosi mafundi. Katwe, ambako watu wanaweza kukutengenezea karibu chochote cha chuma, imo ndani ya divisheni yetu, na Ndeeba haiko mbali. Tatizo ni kwamba kila fundi husikia ugonjwa anaoutibu. Mchomeleaji aliinama, akagonga ekzosi kwa kidole, akasema mpira wa kuning’inizia bomba umechoka. Nikalipa, bomba likaning’inia vizuri, “ko!” ikabaki. Fundi wa shokapu hakuinama hata kidogo. Alisema ni shokapu, kwa sababu ya mashimo, na hapo nilimwelewa, maana mji huu ndio ule ambao wananchi wake, Aprili 2023, walifanya maonyesho ya mashimo ya barabarani kwenye mitandao mpaka Rais akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kuyaziba. Lakini shokapu mbovu hugonga ukiingia kwenye shimo. Gari langu liligonga likitoka getini, kwenye sakafu ya saruji. Nikamweleza hivyo. Akanitazama kwa huruma, akataja bei ya shokapu mbili. Muuza vipuri wa soko la Kisekka akaapa kwamba ni joint ya ekseli, ambayo kwa bahati alikuwa nayo, tena ya Japani. Joint ikiharibika hulia mfululizo, ta-ta-ta-ta, hasa ukikata kona. Nilimwambia yangu hulia mara moja tu. “Ssebo,” yaani bwana, akanijibu, “hiyo inaanza.”

Mdogo wangu nikampelekea sauti kwa simu. Jibu lilirudi kutoka Dubai haraka: “Kaka, usiiguse! Hiyo ndiyo sauti yake.”

Pengine ningezoea, kama si mama mkwe. Mke wangu ni Muganda, na desturi ya Kiganda humtaka mwanamume na mama mkwe wake wakae mbalimbali kwa heshima: hawapeani mikono, hawasogeleani, wala hawaulizani mambo ya ovyo. Mjini desturi hii imelegezwa kiasi cha kuruhusu lifti, ilmradi yeye akae nyuma kabisa, kwenye kona iliyo mbali na dereva. Dereva wetu hukaa kulia. Kona iliyo mbali naye ni nyuma kushoto.

Tulikuwa tunampeleka kanisani Nsambya. Gomesi yake, lile gauni la Kiganda, imepigwa pasi hadi mabega yamesimama, mkoba upo magotini. Nikaingiza gia. “Ko!”, pale pale alipoketi. Sikutazama kioo. Mke wangu alichungulia dirishani kwa bidii, utadhani hajawahi kuona ukuta wetu. Kwenye lango nikasimama, nikaondoka tena, na mlio ukarudia. Kwenye taa za barabarani tukasimama pamoja na magari mengine. Taa ilipokuwa kijani nikaachia klachi polepole, kwa upole ambao sijawahi kumwonyesha mtu, na gari likajibu kwa sauti kubwa kuliko zote. Ndipo mama mkwe, ambaye kwa adabu hasemi nami moja kwa moja, akamwambia binti yake kwa utulivu: “Mwambie mumeo si mimi.”

Aliyeutambua ugonjwa hakuwa fundi wa gereji. Kilimani Makindye kuna kambi ya polisi wa jeshi, na ndipo mahakama ya kijeshi hukaa. Mtu anayeishi jirani na kambi hiyo huku gari lake likilia kama risasi huisoma sheria kwa makini. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba mahakama za kijeshi haziwezi kuwahukumu raia, nilifurahi kama raia, na zaidi kama mwenye Subaru. Mei ya mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuzirudishia sehemu ya mamlaka hayo, nikarudi kuachia klachi polepole.

Jioni moja foleni ikanisimamisha mlimani karibu na hapo. Ilipofunguka, “ko!” Askari aliyekuwa kando ya barabara akanyoosha mkono. Nikateremsha kioo, nikamwamkia kwa Kiswahili changu cha Mvita. Akanijibu kwa Kiswahili cha jeshi, kifupi, kisicho na mapambo. “Rudi nyuma.” Nikarudi. “Ko!” “Enda mbele.” “Ko!” “Tena.” Nyuma yangu matatu zilipiga honi, akazitazama, zikanyamaza. Akaja mpaka kwenye gurudumu la kushoto, akaweka kiganja kwenye rimu, akaniamuru tena. Huyu hakuwa na shokapu ya kuniuzia. Alikuwa mtu anayelipwa kujua mlio huu umetoka wapi na ni wa kitu gani.

“Mwalimu, hiyo si bomba. Nati ya ekseli imelegea. Mimi nilikuwa dereva wa lori.”

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Ncha ya ekseli ina meno yanayoingia ndani ya habu, na nati moja kubwa huzibana pamoja. Nati ikilegea, kila nguvu ya injini inapogeuza mwelekeo kwenye gurudumu, ekseli huteleza kidogo ndani ya habu kabla ya kushika. Ndiyo maana hulia mara moja tu. Ukiipuuza, beringi inakufa, na baadaye unabaki kuomba gurudumu lisikuache.

Jumamosi nikamwita kijana mmoja jirani aje nyumbani na soketi ya namba 32. Akainua nyuma ya gari, akaliweka juu ya stendi, akabandua kifuniko cha rimu, na ile nati, ambayo ilistahili kumtoa jasho, akaifungua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika chapati. Nati hii hutakiwa kugongwa ukingo uingie kwenye mfereji wa ekseli isizunguke, na ikifunguliwa huwekwa mpya. Mtu fulani aliwahi kubadilisha beringi, akairudisha ya zamani, ukingo umeshakatika.

Kufunga mpya kulihitaji mtu wa kukanyaga breki. Mke wangu alikuwa anarekodi video ya kumpelekea shemeji yake Dubai, kazi ambayo alisema haiwezi kukatizwa. Aliyebaki ni mama mkwe. Akaingia kwenye kile kiti cha mbio na mkoba wake, mimi nikaenda kusimama kwenye migomba kwa heshima, na amri zikawa zinapita: fundi kwangu, mimi kwa mke wangu, mke wangu kwa mama yake, “Kanyaga!”

Kijana akavisha bomba la mita moja kwenye mpini, akataka kupanda juu yake. Nikapiga kelele kutoka migombani. Kitabu cha gari kinasema nati hiyo ifungwe kwa kilo 19 kwenye urefu wa mita moja, zaidi au pungufu ya 2. Yeye ana kilo 70 hivi. Akafikiri, akatazama barabarani, akamsimamisha muuza maji aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye majerikani ya njano. Lita 20 ni kilo 20, na jerikani lenyewe lina kama kilo moja. Akamwaga lita mbili, akalining’iniza kwenye ncha ya bomba, bomba likashuka taratibu, likasimama. Akarudia hadi likagoma kushuka. Uzito wa bomba tuliusamehe. Akagonga ukingo kwa patasi, kisha akaomba rangi ya kuchora mstari kutoka kwenye nati hadi ekseli, ili nati ikisogea tuone. Mkobani mwa mama mkwe mkatoka rangi ya kucha, nyekundu.

Gari likashushwa. Mbele, nyuma, mbele. Kimya.

Muuza maji alikuwa bado amesimama. Alidai pesa ya jerikani zima, pamoja na lita mbili zilizomwagwa, nikalipa. Kisha akadai elfu tano za ufundi.

“Ufundi gani?” nikamuuliza.

“Ssebo, nani amefunga hiyo nati?”