Baba Mdogo, Mjomba na Chaji ya Marekani

Watoto wetu walikuwa na baba mdogo Marekani kwa miaka mingi bila kumwamini sana, maana sauti ya simu haiwezi kumnunulia mtoto soda. Mjomba wao wa Biharamulo, huyo walimwona kwa macho. Alikuja na basi, alikuja na mikate, na mwaka uliotangulia alimletea kijana wetu mkubwa PSP ya mtumba iliyotoka Japani. Kwa hiyo upande wa mama ulikuwa unaongoza.

Ndipo mzigo wa baba mdogo ukatua Ngara. Ndani mlikuwa na viatu, dawa za meno na Nintendo 3DS ya bluu, pamoja na chaji yake ndogo yenye vidole viwili bapa vinavyokunjwa. Binti yetu, mwenye zawadi, alilia kwa furaha. Bahati nzuri, au mbaya, mjomba alikuwa hapo hapo sebuleni. Yeye ni fundi simu, ana meza yake jirani na stendi ya Biharamulo, na nyumbani kwetu neno lake kuhusu umeme halina rufaa.

"Shemeji, wewe una uhakika na hii chaji?" nilimuuliza.

"Gemu ni gemu, shemeji. Ya Japani ilikubali, ya Marekani itakataaje?"

Hoja yake ilikuwa na miguu. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230, na ile PSP ilikuwa inachajiwa kwetu kila siku bila hata kupata joto la maana. Yeye aliona kikwazo kimoja tu, nacho ni tundu. Soketi zetu ni za Kiingereza, za pini tatu za mraba, na matundu ya chini yana vizuizi ambavyo havifunguki mpaka pini ya juu iingie. Kwa chaji za pini mbili kila nyumba ina mbinu yake, kijiti au kifuniko cha kalamu tundu la juu, mtindo ambao mimi siupendi hata kidogo. Safari hii kijiti hakikuhitajika. Mjomba alitoa mfukoni adapta nyeupe ya Kichina, ile inayopokea pini za kila taifa, vidole vya Kimarekani vikazama humo barabara. Akawasha.

Pa!

Taa zikazimika, runinga ikakata taarifa ya habari katikati, swichi kubwa ukutani ikaanguka. Ukatanda moshi mwembamba wenye harufu ya samaki aliyeoza. Bibi alikuwa anachambua maharage. Mwaka 1994 aliona Wanyarwanda wapatao robo milioni wakivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya hii ndani ya saa 24, kwa hiyo ana kipimo chake cha maafa. Aliwasha tochi ya simu, akatuhesabu, akaona tumetimia, akarudi kwenye maharage.

Mke wangu hakuwa na kipimo hicho. "Mdogo wangu, umeua zawadi ya mtoto!"

"Sijaua, dada. Ni umeme wenu wa Ngara."

Hapo alikosea mlango, kwa sababu umeme wa Ngara tunausemea wenyewe. Zamani, wilaya hizi mbili zilipotegemea jenereta za dizeli, kuna jioni taa iling'aa kama yai bovu, na nakubali kwamba katika jioni za namna hiyo huenda chaji ya Marekani ingepona. Siku hizi kuna gridi, kuna kituo cha Nyakanazi huko huko wilayani kwake, na kuna maporomoko ya Rusumo yenye mitambo ya megawati 80 tunayogawana na Rwanda na Burundi. Volti 230 zinafika zikiwa 230.

Uchunguzi ulifanyika mezani, kwa kisu cha jikoni, baada ya kuchomoa kila kitu na kurudisha swichi. Chaji ilipopasuliwa tuliona kapasita, kile kimkebe kinachotunza umeme mlangoni mwa chaji, kimefumuka kichwani. Ubavuni mwake bado ilisomeka: 200V. Mjomba ni fundi kweli, akaelewa papo hapo na akawa mwungwana wa kutueleza. Umeme wa soketi hupanda na kushuka, na hizo 230 tunazozitaja sio kilele chake. Kilele hufika karibu 325. Wa Marekani, wenye volti 120, kilele chake ni kama 170. Kimkebe cha 200 kinaimudu 170 kwa raha. Kwa 325 hakikuwa na la kufanya ila kupasuka.

Na PSP je? Kijana akaleta chaji yake, tukazilaza mbili chini ya tochi. Mgongoni mwa ile ya PSP pameandikwa volti 100 hadi 240, hezi 50 au 60. Mgongoni mwa ile ya 3DS, kwa herufi za ukubwa wa mguu wa sisimizi, volti 120, hezi 60, basi. Aliyetengeneza ya kwanza alitengeneza moja ya dunia nzima. Wa pili alitengeneza ya kila soko mbali. Adapta ya Kichina hubadilisha umbo la pini tu, volti inazipitisha kama zilivyokuja.

Gemu lenyewe lilikuwa zima, maana mlipuko uliishia kwenye chaji. Binti alilicheza mpaka betri ikaisha, kisha akaanza mgomo wa kutokula. Mjomba alirudi Biharamulo kupitia Benaco na Lusahunga akiwa kimya, na haikuchukua muda akatuma kwa kondakta waya wa USB wenye ncha ya 3DS. Chaji ile ya Marekani ilikuwa inatoa volti 4.6, chaji ya simu hutoa 5, na gemu linazipokea bila ubishi. Tena chaji nyingi za simu husoma 100 hadi 240, na waya ule ule unachomekeka kwenye sola ya Bibi umeme ukikatika. Upande wa mama ukarudi mchezoni.

Mzigo wa pili wa baba mdogo ulikuja na zawadi ya mke wangu: mashine ya kukaushia nywele, volti 120, wati 1,875. Nilishikwa na jasho. Kifaa cha joto cha namna hiyo ukikipa 230 kinajaribu kula karibu mara nne ya wati zake, na transfoma ya kukipunguzia umeme ingekuwa zigo la kubebwa kwa mikono miwili, ghali kuliko mashine yenyewe. Nilimpigia mjomba, nikaweka spika.

"Dada," alisema kwa upole, "kabla hujachomeka, nisomee kilichoandikwa."

Mke wangu akageuza boksi. "Nimeshasoma. Kimeandikwa jina langu."