Ukoo Kwanza, Mtu Baadaye

Miongozo ya Salesforce, programu ya kutunza taarifa za wateja iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1999, haina utani: anayemsajili mteja lazima ajaze jina la ukoo. Jina la kwanza, simu, hata baruapepe, ni hiari.

Ukarimu nao upo. Ukoo umetengewa herufi 80, jina la kwanza 40. (Mwenye ukoo wa herufi 80 ajitokeze.)

Sasa aje Sukarno, rais wa kwanza wa Indonesia, mtu wa jina moja. Lake litasukumwa kwenye ukoo, mashine iridhike. Kisha idara ya masoko, iliyoambiwa imchangamkie kila mteja kwa jina lake la kwanza, itamwandikia: “Mpendwa ,”