Darubini ya Mwalimu

Shule ikienda Hifadhi ya Mikumi, darubini huwa moja, na shingo ya kuivaa huwa moja pia: ya mwalimu. Inaning'inia juu ya tai tangu Morogoro, mpaka wanafunzi wanadhani ni sehemu ya cheo. Akitokea twiga, darubini hupitishwa kiti kwa kiti, sekunde tatu kila mtoto. "Mmeona?" "Tumeonaaa!" Kumbe wa mbele kaona kope zake mwenyewe, wa katikati kaona ukungu, na wa nyuma kaishika kinyume, twiga kawa mdogo kama siafu.

Hakuna aliyeambiwa kwamba mirija ile hukunjwa mpaka maduara mawili yawe moja. Kwamba gurudumu la katikati hurekebishwa kwanza kwa jicho la kushoto, kisha pete ya kulia ikamalizia. Kwamba macho hayambanduki mnyama, darubini ndiyo huinuliwa iyafuate. Yote haya yangefundishwa uwanjani pale shuleni, kwa kumtazama kunguru juu ya mlingoti wa bendera, bila kiingilio. Tatizo, kunguru hapendezi kwenye picha za kuwatumia wazazi.

Ukiuliza ile "8x42" ni nini, utaambiwa ni namba ya mali ya shule. (Ni kukuza mara 8, na lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 42, lakini tusiwavuruge watoto.)

Barabara kuu ya Iringa nayo inakatiza mle mle hifadhini. Abiria wa basi huwaona twiga kwa macho makavu, na hakuna anayewadai insha.