Jazz Iliyofunika Mtungi

Mjomba,

Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori, pamoja na karanga na ile orodha. Karanga zimekwisha, kinachoninyima usingizi ni orodha. Umeandika kwa raha zako: "ukipata nafasi, niangalizie santuri za bendi ya African Jazz za mwanzo, zile alizopiga gitaa Tino Baroza." Mtu angedhani Kisangani kuna duka lenye rafu ya Tino Baroza, na kijana wa kupangusa vumbi.

Kwanza ujue ninapokaa. Simi-Simi ni huku magharibi ya mji, kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Ndege kubwa siku hizi hutua Bangoka. Alfajiri ya 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka hapa hapa, na Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yakatwangana mjini siku sita kana kwamba kwao hakuna nafasi. Kwa hiyo ukimuuliza mzee wa hapa santuri zake zilipotelea wapi, naye anakuuliza: "Mu vita gani?"

Pili, huku ukisema unatafuta jazz tu, hujasema kitu. African Jazz ya Kabasele ilianza 1953, OK Jazz 1956, na ninyi Tabora mna Tabora Jazz yenu. Louis Armstrong alipofika mji mkuu, Leopoldville, mwaka 1960 alikuta watu wana jazz yao, wanaicheza mpaka asubuhi, wala hawakuwa wakimsubiri awafundishe.

Habari ikaenea kwamba kuna Mtanzania ananunua diski za zamani. Tangu hapo sina amani. Nimepandishwa toleka, zile baiskeli za abiria, hadi mgongo ukaomba talaka. Nimevushwa kwa mtumbwi kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa mtu aliyesemekana ana sanduku zima. Sanduku lilikuwepo, tena zuri, lina kufuli. Ndani mlikuwa na kuku ameatamia. "Papa, diski ilikuwaka humu," mwenye nyumba akanihakikishia, akaniletea lituma na samaki, tukala, nikaondoka na shemeji wapya wawili na bila santuri hata moja.

Santuri yako nimeipata kwa jirani, Mjomba. Nilikwenda kuomba maji ya kunywa, mama akafunua mtungi, nikaona mfuniko wenyewe una mifuo ya duara. Santuri ya mizunguko 78! Nikaishika kwa mikono miwili maana zile za lakri huvunjika kama kigae. Ukingo umemeguka kidogo na kuacha ufa, upande wa chini umeota ukungu wa kijani. Karatasi ya katikati imeliwa na mende, ambao wanapenda sana gundi ya wanga. Kilichosalia ni herufi nne: JAZZ.

Nikataja bei. Mama akanitazama kama mtu anayetaka kununua mlango wa nyumba yake. Mfuniko huu, akasema, unakaa sawasawa, haujawahi kuingiza hata mjusi. Fedha hakuzitaka, alitaka mfuniko. Nikaenda soko kuu nikarudi na wa sufuria, wa aluminiamu, unang'aa. Ukatumbukia ndani, mdogo. Nikarudi tena sokoni, safari hii na kamba niliyopimia mdomo wa mtungi, wauzaji wakinicheka. Wa pili akaupokea, akaufunika, akaufunua, akaufunika, ndipo akaniruhusu niondoke.

Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono anayo mzee mmoja mstaafu wa meli za mto, zile zilizokuwa zikipandisha shehena kutoka Leopoldville, zaidi ya kilomita 1,700, na santuri zikiwa humo. Sindano hana. Akakata mwiba wa mlimau, akauchomeka. Nilitaka kulia, lakini ukaimba! Kila mzunguko kwenye ufa unasikia tak, halafu saksafoni, tak, halafu gitaa limepanda juu peke yake, linatembea kama halina haraka ya kwenda popote.

Hapo wazee wakaanza. Wa meli akasema: African Jazz, tena ya studio ya Opika, kabla hawajahamia ile ya Esengo. Mwingine akaapa ni OK Jazz ya studio ya Loningisa. Wa tatu, aliyekuja kuomba kiberiti, akasema gitaa hilo ni la Dr Nico na asiyelijua akapimwe masikio. Nikathubutu kutaja Tino Baroza, aliyemtangulia Nico pale pale African Jazz. Kimya. Kisha wote watatu wakanigeukia kwa pamoja: nani kakwambia?

Usinilaumu kwa wale mende, Mjomba. Hata karatasi ingekuwa nzima isingetusaidia sana. Mara nyingi waliandika bendi na mwenye wimbo, basi. Mpiga gitaa alilipwa, akaenda zake, na leo wazee wanatukanana juu yake. Ninyi mna kanda za Radio Tanzania, na bendi zenu zilizotaka santuri zilikwenda Nairobi kuchapisha. Angalau mna mlango wa kugonga.

Santuri haijatoka Simi-Simi. Wazee wameizuia mpaka kesi iishe, wameifungia chini ya kitanda cha wa meli, na shahidi ameitwa kutoka Lubunga (yule yule wa kuku). Nimewaambia Mjomba wangu ni mtaalamu, wakakubali ulete ushahidi kwa barua. Swali lao ni moja. Mbelgiji Bill Alexandre ndiye aliyekuja Leopoldville na gitaa la umeme miaka ile ya 1950, akawaonyesha vijana kupiga kwa kiplastiki badala ya kucha. Gitaa la kwenye santuri hii, mzee wa meli anasema ni kucha tupu. Wa kiberiti anasema kiplastiki. Je, Tino alikuwa akipiga kwa lipi? Ujibu haraka, na uandike kwa herufi kubwa, maana barua itasomwa hadharani na miwani hapa ni moja.

Mpwa wako,
Simi-Simi, Kisangani