Namna ya Kudaiwa na Jirani Kitengela

Anayehamia Kitengela huuliza mambo matatu: maji yanatoka wapi, matatu hupandiwa wapi, na boda boda huingia mtaani mpaka saa ngapi usiku. Ni maswali ya maana. La nne sijawahi kumsikia mtu akiliuliza: nikikwama, nimwite nani? Mwongozo huu ni wa swali hilo, na jibu lake ni fupi: jitie deni kwa jirani. Liwe deni dogo, na liwe la aina ambayo huwezi kulilipa kwa simu.

Kabla ya kubisha hodi popote, fahamu kwanza umejenga juu ya nini. Ardhi hii ilikuwa ya pamoja. Sheria ya mwaka 1968 iliwaandikisha Wamaasai wa Kajiado katika ranchi za vikundi, jamaa wengi chini ya hati moja. Katika miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapewa kipande chake. Vipande vikauzwa, vikakatwa, vikauzwa tena, mpaka tukafikia ile ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo mimi na wewe tumeilipia kwa mkopo wa sako. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 katika mji huu. Ya 2019 ikakuta 154,436. Wengi katika hao waliozidi walishuka kwenye lori la vyombo wakiwa mke, mume na watoto wawili. Nyanya alibaki mashambani. Shangazi naye, na yule mjomba wa kusuluhisha ugomvi. Katika kaunti nzima ya Kajiado, sensa hiyo ilipata kwamba kaya ya kawaida haifikishi hata watu wanne.

Na watu hao wasiofika wanne ndio wanaotakiwa kufanya kazi ya ukoo mzima. Baba ametoka saa kumi na moja alfajiri ili aiwahi Mombasa Road kabla ya msongamano. Mama yuko cherehani katika viwanda vya EPZ, Athi River. Mtoto ameachiwa dada wa kazi, msichana aliyetoka mbali, ambaye naye hapa hana mtu. Simlaumu yeyote kati yao. Ninachosema ni kwamba mzigo huu ni mkubwa kuliko mabega yaliyopo, na mabega mengine yako ng'ambo ya ukuta.

Basi, anza na salamu. Usitafute mwalimu mbali. Nenda soko la Noonkopir usimame kando kidogo. Siku moja nilimwona hapo mzee wa Kimaasai akikutana na watoto watatu wa jamaa yake. Watoto wakainamisha vichwa, mmoja mmoja, naye akaweka kiganja juu ya kila kichwa, bila haraka, hata yule mdogo aliyekuwa na maziwa mdomoni. Ndipo akaendelea na safari yake. Mtaani kwetu tunasalimiana kwa honi getini. Tunajuana kwa rangi: wa geti jeusi, wa geti la buluu, wa Probox nyeupe. Shuka kwenye gari, bisha, taja jina lako, uliza la mwenzako, ulikumbuke.

Kuhusu ukuta, jenga, kwa maana wezi wapo. Lakini acha mlango mdogo kati yako na jirani mmoja, wa kupita mtu na sufuria. Kuanzia mwaka 2000 ulikuwepo mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa hapa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio, nyumbu na pundamilia wa Mbuga ya Nairobi wapate kupita kwenda kwenye malisho ya kusini. Fedha hizo zilisomesha watoto wengi. Nyumbu walipata wa kuwatetea njia. Ya mtoto wako kwenda kwa mwenzake itabidi uitetee mwenyewe.

Kundi la WhatsApp la mtaa ujiunge, ndiyo. Litakujuza boza la maji limefika na stima zinarudi saa ngapi. Ila msiba ukitokea, usiishie kutuma mia tano na kuandika pole. Nenda na miguu yako. Beba kiti chako, kwa kuwa viti havitoshi matangani, na ukae mpaka chai iishe. Nyumba Kumi nayo, ambayo Serikali iliileta mwaka 2013 kwa kuiga mfumo wa mabalozi wa Tanzania, ina kazi yake: ilitaka tujuane ili tuwe salama. Hudhuria baraza. Humo utapata majina na nambari za simu. Jirani mwenyewe utampata siku utakayomhitaji.

Mimi nilimhitaji wangu mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikimwagika. Udongo mweusi wa huku ukilowa hukishika kiatu mpaka mguu utoke peke yake. Gesi iliisha maji ya ugali yakianza kuchemka. Nikapiga simu dukani, nikaambiwa boda haiingii mtaani kwetu leo. Watoto walikuwa wanasinzia kwa njaa. Nikafunika sufuria kwa leso na kwenda nayo hadi geti la buluu, ambalo nilikuwa nimelipita kila siku kwa miaka minne.

Mama wa humo alifungua akanitazama usoni, hakuangalia hata sufuria. "Karibu dada. Nani mgonjwa?"

Swali hilo limenikaa moyoni hadi leo. Miaka minne, na hakuweza kufikiria kitu kingine ambacho kingenileta mlangoni pake. Nikamwambia hakuna mgonjwa, ni gesi. Akaondoa mchuzi wake motoni akaweka maji yangu, nami nikasonga ugali jikoni kwake kwa mwiko wake. Tukiwa hapo ndipo nikajua kwamba binti yake na wangu hupanda basi moja la shule. Alinizuia kuondoka kabla sijaonja mboga.

Wiki moja baadaye binti yule alikuja na kikombe. "Anti, mama anasema umsaidie na chumvi." Nikajaza mpaka ikamwagika kidogo. Zingatia hapo: ukiombwa, usipime. Na ukiletewa kitu ndani ya chombo, usikirudishe chombo kitupu, wala usikirudishe siku hiyohiyo kana kwamba unafuta hesabu.

Juzi alituletea chapati ndani ya bakuli la plastiki. Bakuli bado liko juu ya kabati langu. Jumamosi nachemsha maharagwe. Nitalipeleka likiwa limejaa, nimelifunika kwa kifuniko changu, na nikirudi nitakiacha kwake.