Mashine Zote Zinanisubiri Mimi

Jirani, zamani nikichelewa nilikuwa na wa kuwalaumu. Nalaumu foleni. Nalaumu daladala. Nalaumu mvua, nalaumu mtandao, Luku imeisha, mjomba kafariki kijijini. Mjomba huyo kafariki mara nyingi na bado ananipigia kudai hela ya mbolea. Maisha yalikwenda. Siku hizi wameunda mashine za kupima kuchelewa kwangu. Tena kwa milisekunde! Chukua sekunde moja, ikate vipande elfu, kimoja ndiyo hiyo. Mimi huyu ambaye nikikwambia "nipo njiani" ujue natafuta soksi.

Nianze na gari. Gari yangu ya Kijapani, imetumika, kama za kwenu wote, msijifanye. Dalali pale yadi aliniambia, "Hii fulu mzee, ina kila kitu." Nikatikisa kichwa. Mtu akiniambia kitu kina kila kitu siulizi kimoja kimoja, naona aibu. Asubuhi nawasha, dada mmoja ndani ya dashibodi akanisemesha Kijapani. Sauti laini, yenye adabu. Nikamjibu, "Salama, dada." Ikawa ndiyo utaratibu. Yeye anasema yake, mimi salama. Mke wangu, Mama Zai, akaanza kununa. Mpaka dogo, mtoto wa dada yangu tunayeishi naye, akapekua kwenye simu. Kumbe dada wa watu anasema kadi ya ETC haijachomekwa. Kadi ya kulipia barabara za haraka za kwao! Gari iko Kimara, inadai ushuru wa Tokyo. Siku zote nadhani nasalimiwa, kumbe nadaiwa.

Huyo ni afadhali. Pale juu kwenye kioo cha mbele kuna kamera. Inaangalia gari iliyo mbele yangu. Tukiwa kwenye foleni, gari ya mbele ikisogea na mimi nikabaki, inalia: ting! Maana yake, wenzako wameondoka, baba. Sasa hebu nione mimi. Daladala ya nyuma imeshapiga honi. Konda katoa kichwa dirishani, ananiuliza kama nasubiri mchumba. Bodaboda kapita na tusi lake. Muuza karanga kaniangalia kwa huruma. Na gari yangu mwenyewe, niliyoilipia ushuru wa bandarini mpaka nikauza friji, nayo imejiunga upande wao. Ting!

Lakini balaa lenyewe ni kengele ya usingizi. Msidhani ni kitu cha jana. Mwaka 2006 Lexus waliweka kamera kwenye nguzo ya usukani, inamtazama dereva usoni. Ukigeukia pembeni na mbele kuna kitu, inapiga kelele. Mwaka 2007 wakaja Volvo. Yao inasoma mistari ya barabara, inaona gari inavyotembea kati ya mistari. Ukianza kuyumba kilevilevi, kengele inalia na kwenye dashibodi kinatokea kikombe cha kahawa. Mwaka 2009 Mercedes-Benz nao na kikombe chao. Wao wanausikiliza usukani. Wanasema mtu anayesinzia mikono yake inatulia tuli kwa muda, halafu anashtuka na kuukata usukani ghafla. Na Umoja wa Ulaya umeshalitungia sheria: tangu Julai 2024 gari mpya haiuzwi kule kama haina kitu cha kumshtua dereva anayesinzia. Wazungu wanaamshwa kwa sheria. Mimi naamshwa na Mama Zai, kwa mguu, bila sheria yoyote.

Sibishi, hesabu yao naielewa. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, gari inakula mita 22 kila sekunde. Ukifumba macho sekunde tatu, umeshavuka zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira ukiwa ndotoni. Sawa kabisa. Tatizo ni kwamba kengele ile ya Volvo ilitengenezwa kuamka gari ikifika kilomita 65 kwa saa. Yangu nayo ukoo ni huohuo, mpaka upate mwendo. Sasa foleni ya jioni pale Ubungo, kilomita 65 kwa saa naisikia redioni tu. Na hapo ndipo ninapolala, jirani! Nalala kweli. Kidevu kifuani, mdomo wazi, mtoto wa daladala ya pembeni ananipiga picha. Kengele kimya. Inaona hii siyo kazi yake.

Sasa sikia. Jumamosi nampeleka mama mkwe Morogoro, dogo kakaa pembeni yangu. Nimepania. Nimevaa shati la kola. Kibaha tumepita, Mlandizi tumepita, barabara imefunguka, mwendo umepatikana. Mikono miwili kwenye usukani. Macho yamenitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Shimo hilo, nakwepa. Lori limesimama na matawi nyuma, nakwepa. Mbuzi. Mbuzi mwingine, wa kwanza kamsahau. Bodaboda kabeba godoro, upepo unamrudisha kwangu. Bodaboda wa pili anakuja upande wangu kabisa, tena ananipungia mkono. Katika maisha yangu sijawahi kuwa macho namna ile, hata siku ya kutoa mahari. Na kila nikikwepa, gari inaandika: huyu anayumba. Piii! Kikombe hicho. Maneno ya Kijapani chini yake.

Mama mkwe nyuma akauliza, "Baba Zai, gari inasemaje?"

Mimi nikaanza kukohoa. Dogo akaniwahi. "Inasema anko kalala, bibi. Inasema apumzike anywe kahawa."

Jirani, ukimya ulioingia mle ndani ungeweza kuufungia kamba. Halafu nikasikia rozari inatoka kwenye mkoba. Mpaka Chalinze mama mkwe anasali, mimi nakwepa, gari inalia. Nikaeleza kwamba sijalala, ni mashimo. Akasema, "Sawa mwanangu, wewe angalia mbele." Kurudi alikuja na basi. Nikamwambia mbona basi nalo lina kifaa cha LATRA, kinalia dereva akizidisha mwendo? Akanijibu kwa upole sana kwamba kile kinamlilia dereva kwa kukimbia, siyo kwa kulala. Kwamba kuna tofauti.

Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea. Dogo kuniona vile akasema, "Anko, njoo tucheze gemu upoe." Nikamuuliza PlayStation katoa wapi. Akacheka. "Siku hizi hununui, anko. Gemu iko kwenye wingu." Nikaangalia juu. Kulikuwa na bodi ya dari na lile doa la mvua.

Akanielewesha polepole, kwa sauti ile wanayowaongelea wazee benki. Kompyuta kubwa iko huko Ulaya, ndiyo inayoendesha gemu. Sisi tunaletewa picha tu, inatiririka mfululizo. Ukibonyeza pedi, amri ya kidole chako inasafiri mpaka kule, kompyuta inatii, inarudisha picha mpya.

"Kwa hiyo tunatazama video ya mechi tunayocheza sisi wenyewe?"

"Ndiyo, anko."

"Na tunalipia?"

"Ndiyo."

"Na bando?"

Hapo akatafuta chaja.

Bando nimekuja kulipigia hesabu mwenyewe. Google walipoleta huduma yao ya Stadia, Novemba 2019, walitaka intaneti isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde. Hiyo ukiiacha itiririke saa nzima ni gigabaiti 4.5. Ukitaka picha kali zaidi walitaka megabiti 35, karibu gigabaiti 16 kwa saa. Kwa bando hilo mimi naishi, nasomesha, naangalia misiba ya ukoo kwenye WhatsApp. Wala wakubwa wenyewe hawakupata raha. OnLive ya Marekani ilianza 2010, ikafungwa 2015, Sony wakabaki na hataza zake. Stadia nayo ikazimwa Januari 2023. Ila Google waliwarudishia wateja hela za gemu na za vifaa walivyonunua kwao. Kumbe inawezekana! Dalali wangu wa yadi mwambieni.

Ugomvi wa watu hawa wote ni kuchelewa. Unabonyeza, mchezaji wako anafikiria kwanza. Kuna mhandisi mkubwa wa Stadia, Majd Bakar, mwaka 2019 alizungumzia kitu cha ajabu: ucheleweshaji hasi. Yaani kompyuta ibashiri kitufe utakachobonyeza, ianze kazi kabla hujabonyeza. Mimi sijaamua, mwenzangu kashaamua. Dogo akaniuliza kama naelewa. Naelewa vizuri sana, nimeoa.

Halafu akanipa siri iliyonifurahisha mpaka nikasimama. Mwanga ndani ya zile nyaya za chini ya bahari unakwenda kama kilomita 200 kwa milisekunde. Toka Dar mpaka London, ukinyoosha mstari wa ndege, ni kama kilomita 7,500. Kwenda na kurudi, milisekunde 75, na hapo waya haujapinda popote na mwanga haujasimama kunywa chai. Gemu nayo inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kila picha milisekunde 17 hivi. Kabla kidole changu hakijaleta majibu, picha nne zimeshapita! Jirani, hiki si kisingizio, hii ni fizikia! Nikasema kumbe ndiyo maana. Maisha yangu yote, kumbe ni waya.

Tukacheza mpira. Nikafungwa. Nikasema waya. Nikafungwa tena, kipa wangu alikuwa anaangalia jukwaani. Waya. Nikajifunga mwenyewe kwa kichwa. Nikaanza kumweleza dogo habari za London. Akanitazama, akafungua kitu kwenye simu yake. "Anko, hii haina mtandao. Rangi ikigeuka kijani, gusa."

Hapo ndipo nilipoharibiwa. Mtu wa kawaida, rangi ikibadilika, anachukua kama robo sekunde kuona na kugusa. Milisekunde 250. Pima mwenyewe: mwanga unakwenda London na kurudi mara tatu, mtu wa kawaida ndiyo kwanza anashusha kidole. Waya una kosa gani? Waya unakimbia, unafika, unakaa, unatusubiri. Na huyo ni mtu wa kawaida. Mimi nilipopimwa, kioo cha simu kilizima kikidhani hakuna mtu.

Dogo hakusema kitu. Akawa anatabasamu na pedi. Mama Zai akapita na ndoo, akauliza matokeo, akaambiwa, akasema yeye angeweza kutuambia bila kupoteza bando.

Sasa mimi nina ombi kwa hawa wahandisi. Mmeshajua kwamba nachelewa, mmepima, mmeandika. Basi nitoeni kabisa njiani. Kama kompyuta inajua kitufe nitakachobonyeza, icheze yenyewe. Na gari ijiendeshe, ikwepe mbuzi yenyewe, imweleze mama mkwe yenyewe. Mimi nilaze kiti nyuma.

Nilipomwambia dogo akasema hiyo gari karibu ipo. Tangu 2017 kampuni ya GM ya Marekani wana kitu kinaitwa Super Cruise. Kwenye barabara kuu walizozichora, gari inashika usukani, wewe unaachia mikono kabisa. Nikaruka. Nikamwambia hiyo ndiyo yangu, nalala Kimara naamka Morogoro! Akasema hapana, anko. Kuna kamera kwenye nguzo ya usukani, kazi yake ni kukukodolea macho tu. Ukisinzia, ukatazama pembeni muda mrefu, inakuwashia taa nyekundu.

Jamani. Gari inaendesha yenyewe, mimi kazi yangu ni kukaa macho. Hapo nimenunua gari au nimepata ajira ya ulinzi? Maana mlinzi wa mtaa wetu analala toka saa nne usiku, anakoroma mpaka mbwa wanahama, na mwisho wa mwezi tunamchangia.